Msunobari mweusi wa Kijapani: kazi ya mkasi kwa majira manne

Miti midogo ndani ya vyungu imekuwa biashara. Ukipita pale wanapopanga miche kando ya barabara, siku hizi hukosi kuoneshwa kijiti kilichopindwa kwa waya ukaambiwa hiyo ni bonsai. Na kwenye simu ndiyo usiseme. Pakiti za "mbegu za bonsai" zinauzwa mchana kweupe, na picha iliyo juu ya pakiti aghalabu ni ya msunobari mweusi wa Kijapani: shina nene lenye magome yaliyopasuka kama mgongo wa mamba, na majani yaliyokaa tabaka kwa tabaka kama mawingu. Neno la kwanza basi nilitoe mapema. Hakuna mbegu ya bonsai. Iliyomo humo, kama kweli ni ya msunobari, ni mbegu ya mti unaoweza kufika mita 40. Udogo hautoki kwenye mbegu. Unatoka kwenye mkono wa mtu, na mkono huo hufanya kazi kwa kalenda. Kalenda hiyo ndiyo nitakayoieleza leo, kama inavyofuatwa kwao Japani, kisha tutazame inatuhusu vipi sisi tulioko huku kwenye kusi na kaskazi.

Mti wa pwani

Wajapani wauita kuromatsu. Kuro ni nyeusi, matsu ni msunobari. Jina lake la kitaalamu ni Pinus thunbergii, kwa kumkumbuka Carl Peter Thunberg, tabibu na mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi aliyekuwa Japani mwaka 1775 na 1776, akikaa Dejima, kile kisiwa kidogo cha Nagasaki walikoruhusiwa Wadachi kufanyia biashara zao. Asili ya mti huu ni fukwe za Japani, visiwa vya Honshu, Shikoku na Kyushu, pamoja na pwani ya kusini ya Korea. Kwa hivyo ni mti wa pwani, kama sisi. Unastahimili upepo wa chumvi na udongo wa mchanga usio na rutuba, na kwa karne nyingi Wajapani wameupanda safu kwa safu kando ya bahari ili uzuie upepo na mchanga usifunike mashamba. Ufuko wa Miho no Matsubara, mkoani Shizuoka, umejaa misunobari ya namna hii, na mwaka 2013 uliingizwa katika urithi wa dunia pamoja na Mlima Fuji.

Lakini ustahimilivu una mpaka wake. Mji wa Rikuzentakata ulikuwa na msitu wa ufukweni wenye misunobari ipatayo 70,000. Tsunami ya tarehe 11 Machi 2011 iliifagia yote ikabakisha mmoja tu umesimama. Watu waliuita mti wa muujiza, wakauhangaikia, lakini maji ya chumvi yalikuwa yameshazama mizizini na mwaka 2012 ikathibitika kwamba umekufa. Shina lake limehifadhiwa na kusimamishwa tena kuwa ukumbusho. Chumvi ya upepo juu ya majani ni jambo moja, chumvi kwenye mzizi ni jambo jingine. Anayemwagilia chungu kwa maji ya kisima yenye munyu alikumbuke hilo.

Kuutambua si kazi. Majani yake ni sindano ngumu, zenye kuchoma mkono, zinazotoka mbili mbili katika ala moja, na porini hufika sentimita 7 hadi 12. Macho yake, yale machipukizi ya ncha, ni meupe. Msunobari mwekundu, akamatsu, nao una sindano mbili lakini ni laini na macho yake ni ya hudhurungi. Msunobari mweupe, goyomatsu, una sindano tano katika ala moja. Msione kwamba ninachambua mchele kwa upuuzi. Kata nitakayoieleza hapa chini inauneemesha mweusi na yaweza kuuharibu kabisa mweupe. Watu huchanganya. Ule mti maarufu ulioko Washington, uliotunzwa chunguni tangu mwaka 1625, ukaokoka bomu la Hiroshima na kutolewa zawadi kwa Marekani mwaka 1976, mara nyingi hutajwa kwenye mazungumzo ya msunobari mweusi. Ule ni mweupe, na matunzo yake ni mengine.

Neno bonsai lenyewe ni maneno mawili: bon ni chungu kifupi mfano wa sinia, sai ni kupanda. Ufundi ulitoka Uchina, Wajapani wakaupokea na kuufanya wao. Baada ya tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1923 kuiangamiza Tokyo, mafundi kadhaa walihama mji na mwaka 1925 wakaanzisha kijiji cha bonsai cha Omiya, ambacho kipo hadi leo. Ama kwa misunobari hasa, sehemu kubwa hukuzwa Takamatsu, kwenye vitongoji vya Kinashi na Kokubunji, katika kisiwa cha Shikoku. Huko mti huanzia shambani kwenye mchanga, ukapigwa mkasi miaka na miaka, ndipo ukapandishwa chunguni. Basi anayekuahidi bonsai ya msunobari kwa miezi sita, muulize alizaliwa lini huo msunobari.

Machipuo: kuujaza mti nguvu

Mwaka wa mti huu huanza mwisho wa Februari na mwezi wa Machi, macho yanapoanza kuvimba. Huo ndio wakati wa kuuhamisha chungu, kabla macho hayajarefuka. Mti mchanga huhamishwa kila baada ya miaka 2 au 3, mzee kila baada ya 4 au 5. Mwenye pupa huondoa udongo wote, akaosha mizizi kwa mpira wa maji akidhani ndio usafi. Kwa msunobari huko ni kuua. Ndani ya udongo wake wa zamani mna ukungu mweupe wenye harufu ya uyoga, wataalamu wauita maikoriza, unaoishi na mizizi kwa kulipana: ukungu huusaidia mti kuvuta maji na madini, mti nao huulisha ukungu sukari. Ukiuosha wote umemwacha mti mkiwa. Fundi hufungua upande mmoja wa fungu la mizizi, akapunguza mirefu, upande wa pili akauacha mpaka uhamisho ujao.

Udongo unaotumika si udongo kwa maana tunayoijua. Ni punje punje: akadama, udongo mkavu wa chembe ngumu unaochimbwa Japani, ukichanganywa na vijiwe vyepesi vya volkano na mchanga wa mto ulio mkubwa. Vumbi lote huchekechwa likatupwa. Kinachotafutwa ni maji yapite upesi na hewa ifike chini, kwa sababu mzizi wa msunobari ukikaa kwenye tope huoza. Punje husukumwa kati ya mizizi kwa kijiti, kisha mti hufungwa kwa waya kwenye chungu usitikiswe na upepo, maana kila ukitikisika unakata vijizizi vipya. Vyungu vya misunobari kwa desturi havipakwi rangi ya kung'aa. Huachwa na kahawia yake ya tanuri, kama vile vinavyofinyangwa mji wa Tokoname.

Kuhusu maji, Wajapani wana usemi kwamba kumwagilia kunasomwa miaka mitatu. Kanuni yenyewe ni fupi: mwagilia mpaka maji yatiririke kwenye vitundu vya chini, kisha ngoja uso wa udongo uanze kukauka. Kinachochukua miaka mitatu ni kujua lini umeanza kukauka. Jua ni la kutwa nzima. Huu si mti wa sebuleni.

Mbolea hutolewa kwa wingi tangu Machi hadi mwanzo wa Juni. Ya desturi ni mashudu ya mbegu za rapa yaliyochanganywa na unga wa mifupa, yakafinyangwa madonge na kuwekwa juu ya udongo ili kila ukimwagilia yayeyuke kidogo. Hapa wengi huchukua njia ya kinyume. Wanaunyima mti chakula wakidhani njaa ndiyo inayouweka mdogo. La. Bonsai ya msunobari mweusi hulishwa kama mtoto anayekua, kwa sababu Juni unakuja mtihani ambao mti dhaifu hautoki salama.

Mwezi wa Aprili na Mei macho hurefuka yakawa kama mishumaa myembamba, wima, yenye unga wa kijivu. Mafundi nao huyaita mishumaa. Ya juu ya mti huwa minene na mirefu, ya chini na ya ndani huwa mifupi. Hiyo ndiyo tabia ya msunobari: nguvu zote hukimbilia kileleni na nchani, na matawi ya chini hunyimwa mpaka yakafa. Kila kazi katika mwaka huu, ukiichunguza, ni kumnyang'anya aliyeshiba ili mwenye njaa ale. Kwa hiyo mishumaa iliyozidi hukatwa kwa vidole ingali laini, ikabakizwa kiasi cha kulingana na wenzake. Hutumii mkasi hapo. Vidole vinatosha, na vinajua zaidi.

Juni na Julai: kukata mishumaa

Sasa tumefika penyewe. Kazi hii yaitwa mekiri, maana yake kukata chipukizi, na ndiyo inayoutofautisha msunobari mweusi na karibu misunobari yote mingine. Mti huu umezoea pwani zenye majira marefu ya joto, hivyo una akiba ya kuchipua mara ya pili ndani ya mwaka mmoja endapo chipukizi la kwanza litapotea, tuseme kwa dhoruba. Fundi huitumia akiba hiyo. Mishumaa yote ya machipuo, ambayo kufikia Juni imeshafungua sindano ndefu, huondolewa kwenye kitako. Baada ya wiki mbili, tatu, nne hivi, macho mapya hutokeza kuzunguka pale palipokatwa. Haya yamebakiwa na muda mfupi wa kukua kabla ya baridi, kwa hivyo vitawi vyake huwa vifupi na sindano zake huishia sentimita 2 au 3 badala ya 10. Tawi lililokuwa na ncha moja sasa lina ncha mbili au tatu. Fanya hivyo miaka kumi na utapata yale mawingu ya kwenye picha.

Siku ya kukata hutegemea mahali na ukubwa wa mti. Sehemu za baridi hukata mapema mwezi wa Juni, sehemu za joto husogea mpaka katikati ya Julai. Mafundi wengi huhesabu kurudi nyuma siku 100 tangu pale baridi inapousimamisha mti kukua. Mti mkubwa, ambao sindano zenye urefu kiasi zinaufaa, hukatwa mapema. Mdogo wa kushikwa kwa kiganja hukatwa mwisho. Ukiwahi mno sindano zitarefuka kama za kwanza na umefanya kazi bure. Ukichelewa mno zitatoka fupi kupita kiasi, na mti utaingia kwenye baridi hauna jani la kutosha kujilisha.

Wengine humaliza siku moja, lakini njia iliyo salama zaidi ni ya awamu tatu. Awamu ya kwanza hukatwa mishumaa dhaifu, ile ya chini na ya ndani. Baada ya siku 7 hadi 10 hukatwa ya kati. Baada ya siku nyingine kama hizo hukatwa minene ya kileleni. Mtu asiyejua husema mbona mnaanza na mnyonge? Kwa sababu aliyekatwa mwanzo ndiye anayeanza kuchipua mwanzo, naye hupata wiki mbili au tatu za ziada kuliko yule jabari wa juu. Septemba wote wanakutana wakiwa karibu sawa. Sijui kazi nyingine ya bustani ambamo mizani inapatikana kwa kutazama tarehe tu.

Mkato wenyewe huwa wa kunyooka, si wa mshazari, kwa mkasi mkali uliosafishwa. Ukikata mshazari macho mapya yatatoka upande mmoja yakiwa na nguvu na upande wa pili yakiwa manyonge. Utomvu utachuruzika, uache, ndio dawa ya mti wenyewe. Chini ya mkato lazima zibaki sindano za mwaka jana. Hili ni la kushikwa kwa mikono miwili: tawi la msunobari lisilobakiwa na sindano hata moja kwa kawaida halichipui tena. Mkwaju ukiukata tupu utaota, mwarobaini utaota, mkungu ndio kabisa. Msunobari hufa tawi hilo, na katika mti wa miaka 50 pengo la tawi moja halizibiki katika umri wako.

Kuna miti isiyoguswa kabisa. Mti mgonjwa. Mti uliohamishwa chungu machipuo yaleyale. Mti wenye sindano za njano au mishumaa iliyodumaa. Na mti mchanga ambao bado unanenepeshwa shina, kwa kuwa kila mshumaa unaoondoa ni unene ulioukosa. Huo huachiwa tawi moja au mawili yakimbie yatakavyo miaka kadhaa, kisha hukatwa kazi yake ikiisha. Hata mti wenye afya, ukiwa mzee, wapo mafundi wanaoupumzisha mwaka mmoja kila baada ya miaka michache.

Baada ya mekiri madonge ya mbolea huondolewa, kwani chakula kingi wakati huo hurefusha sindano mpya. Maji nayo hupungua, maana mti wenye majani machache hunywa kidogo, na anayemwaga kwa mazoea ya Mei atauozesha mizizi mwezi wa Julai. Mwisho wa Agosti au Septemba mbolea hurudishwa, na huendelea hadi Novemba.

Mapukutiko na baridi

Septemba na Oktoba ni wakati wa kuchagua. Kwenye kila mkato huenda yametoka macho manne au matano. Yakiachwa yote pale patavimba fundo baya ambalo halifichiki. Hubakizwa mawili, yanayoelekea kushoto na kulia kama vidole viwili, yenye nguvu sawa na matawi mengine ya jirani. Palipo na nguvu sana huachwa manyonge, palipo na unyonge huachwa yenye nguvu. Mizani ileile.

Tangu Novemba hadi Februari mti umelala, na kazi ni ya kukaa kitako na kibano. Sindano kuukuu hung'olewa, moja moja, kwa kuvutwa kuelekea zinakoelekea ncha zake ili gamba lisichubuke. Kileleni hubakizwa jozi 5 hivi kwa kila ncha, katikati 7 au 8, chini 10 au zaidi. Nuru huingia ndani ya mti, na macho yaliyolala kwenye matawi ya zamani hupata sababu ya kuamka. Kwa mti mkubwa hii ni kazi ya siku kadhaa. Anayetafuta raha ya moyo aipate hapo, na anayetafuta raha ya mgongo asije.

Waya nao hufungwa wakati huu. Mafundi wa misunobari hupenda shaba iliyolainishwa kwa moto. Mwanafunzi ataanza na alumini, ambayo husamehe. Waya wenye unene wa theluthi ya tawi hutosha kulishika, ukizungushwa kwa mwelekeo wa mshazari, bila kubana sindano. Hatari yake haiko siku ya kufunga bali miezi sita baadaye, tawi linaponenepa na waya kuzama kwenye gome. Kovu hilo hudumu miaka. Matawi makubwa yasiyotakiwa hukatwa pia katika majira haya, utomvu ukiwa umetulia, na wengine huacha kisiki kifupi wakakimenya kikawa mti mkavu mweupe, mfano wa tawi lililovunjwa na radi. Hiyo wanaiita jin.

Na wakati wa baridi mti hukaa nje. Hukingwa upepo wa barafu kwenye mizizi, pengine huteremshwa chini kutoka kwenye meza yake, lakini hauingizwi ndani ya nyumba yenye moto. Usingizi wa baridi ni sehemu ya chakula chake. Februari ndipo yanapofanyika maonyesho makubwa ya Kokufu kwenye jumba la sanaa la Ueno, Tokyo, yaliyoanza mwaka 1934, na misunobari inayoonekana humo imeshatolewa sindano zote kuukuu.

Adui asiyeonekana

Wapo vidukari, wapo utitiri mwekundu wakati wa ukavu, wapo ukungu wa kuangusha sindano. Hao huzuiwa kwa hewa, jua na dawa ya chokaa na salfa inayopuliziwa mti ukiwa umelala. Anayetisha ni mwingine: mnyoo mdogo wa jamii ya nematodi, Bursaphelenchus xylophilus, asiyeonekana kwa jicho. Huyu asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Aliingia Japani mwanzoni mwa karne ya 20, na husafirishwa na mbawakawa mwenye pembe ndefu anayetafuna matawi machanga. Akiingia mtini huziba njia za maji, na mti uliokuwa kijani mwezi wa Juni waweza kuwa umekauka wote kabla ya mwaka kwisha. Misunobari ya Amerika imemzoea. Mweusi wa Japani haukumzoea, na fukwe nyingi zilizokuwa na misitu ya karne na karne zimekatwa kwa ajili yake.

Ndiyo maana sipendi mchezo wa watu kuagiza miche ya ng'ambo ikaja kimya kimya ndani ya sanduku la nguo. Kenya ina mashamba makubwa ya misunobari huko bara. Sheria inataka kibali cha KEPHIS kabla mmea haujasafirishwa, si baada ya kufika bandarini au kiwanja cha ndege, na kibali hicho si ukiritimba wa kutaka kukusumbua.

Na sisi wa Mombasa?

Hapa ndipo nisemapo kweli, japo itawauma wauza pakiti. Kalenda yote niliyoieleza inaendeshwa na vitu viwili: baridi na urefu wa mchana. Tokyo mchana wa Juni una saa 14 na nusu, wa Disemba haufiki saa 10, na usiku wa Januari joto hukaribia sufuri. Mombasa tofauti ya mchana mrefu na mfupi kwa mwaka mzima ni kama nusu saa, na usiku wetu wa baridi, ule tunaojifunikia shuka mwezi wa Julai, huzunguka nyuzi 20. Mti hauna wa kumwambia lala, wala hauna wa kumwambia amka. Wapo watu wenye bidii huko kusini-mashariki ya Asia wanaoufuga katika joto, wakikata kwa kuutazama mti badala ya kutazama mwezi. Lakini hao ni wazoefu, na wameanza na miti iliyokwisha kukomaa. Mtu wa Kisauni au Likoni anayeanza na pakiti ya mbegu anatupa pesa yake.

Mwenye jamaa Uingereza au Kanada anayetaka kujaribu, huyo kalenda itamfaa, ila ajue kwamba majira ya joto ya London ni mafupi na mapoa kuliko ya Shikoku. Huko mishumaa hukatwa mapema mwezi wa Juni, na kwa mti wenye afya kamili tu. Mti wenye shaka hubanwa kwa vidole machipuo na kuachwa.

Kwetu mti wa kazi hii upo, nasi twauona kila siku bila kuutazama: mvinje. Kwa mbali waweza kuapa ni msunobari. Si msunobari wala si jamaa yake. Zile zinazoonekana kama sindano ni vijitawi vya kijani vyenye viungo viungo, kama mianzi midogo. Vuta kimoja kitaachana kwenye kiungo, na majani yenyewe ni vimeno vidogo pale kwenye kiungo. Mizizi yake nayo ina mshirika wake, bakteria anayeteka naitrojeni ya hewani, ndiyo maana René Haller alipoanza mwaka 1971 kurudisha uhai kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi, palipokuwa mwamba mtupu, mvinje ulikubali. Indonesia na Taiwan wanautengeneza bonsai miaka mingi na hawauonei haya.

Matunzo yake ni mepesi, kwa sharti usiyachanganye na ya msunobari. Mvinje ndani ya chungu haupendi kukauka. Kaskazi ikichoma humwagiliwa asubuhi na jioni. Hauna majira ya kungojewa: ncha hubanwa kila zinaporefuka, mwaka mzima, na ya juu hubanwa zaidi kuliko ya chini. Waya ufungwe tawi likiwa changa, kwa kuwa mti wake ni mgumu mno na tawi likikomaa litavunjika kabla halijapinda. Kuhamisha chungu kungoje mwanzo wa masika, mvua zikisaidia. Miche hupatikana kwenye vitalu vya Kilifi na Kwale wanakoiotesha wakulima wa nguzo za kujengea. Wao huchagua iliyonyooka. Wewe mwambie mwenye kitalu akupe ile iliyopinda, pengine atakuuzia kwa bei ya chini.